Ukuta uliopinda uchorwe ulivyopinda

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nijibu makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu skana za leza na upimaji wa majengo ya zamani. Makala ile ilieleza vizuri jinsi chombo kinavyosimamishwa mbele ya jengo, kikazunguka kwa dakika chache na kukusanya mamilioni ya nukta, na mimi, ambaye kazi yangu ya kila siku ni kuzigeuza nukta hizo kuwa michoro, nilifurahi kuona jambo hili likiandikwa kwa Kiswahili. Lakini mwandishi alihitimisha kwamba sasa mchoro wa jengo unapatikana bila makosa ya binadamu, kwa kuwa mashine imekwisha kupima kila kitu. Hilo si kweli, na ushahidi upo kwenye ukurasa uleule. Chini ya makala mliweka picha mbili: wingu la nukta, yaani mkusanyiko wa nukta zote zilizopimwa, la jengo la ghorofa moja, na mchoro wa mwonekano wa mbele uliotokana na wingu hilo. Katika wingu, vizingiti vya chini vya madirisha ya juu vinashuka taratibu kuelekea kona ya kulia, kiasi kwamba hata kwenye karatasi ya gazeti niliweza kuuona mteremko huo kwa kuweka rula. Katika mchoro, vizingiti vyote vimelala juu ya mstari mmoja ulionyooka, na madirisha yote yanafanana kama yaliyopigwa kwa muhuri mmoja. Mashine iliupima mteremko ule. Aliyeuondoa ni mtu.

Skana hupeleka mwale wa leza, mwale ukagonga ukuta na kurudi, na chombo kikakokotoa umbali kutokana na muda uliotumika au kutokana na mabadiliko ya wimbi lililorudi. Mwanga husafiri karibu sentimita 30 katika nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo kupata umbali unaokosea kwa milimita chache tu ni kazi inayostahili heshima yote iliyopewa na mwandishi wenu. Hata hivyo, kinachorudi ni nukta tupu. Kila moja ina majira yake matatu, yaani namba tatu zinazotaja mahali ilipo, pengine na rangi na kiwango cha nguvu ya mwale uliorudi, basi. Wingu halijui dirisha ni nini wala ukuta unaishia wapi, na ndani yake hamna mstari hata mmoja. Leza huutembelea ukuta kwa hatua za pembe zinazolingana, na ni bahati tu nukta moja ikiangukia hasa kwenye kona unayoitafuta. Kama nafasi kati ya nukta na nukta ni milimita 6 kwenye umbali wa mita 10, itakuwa milimita 24 kwenye umbali wa mita 40, na sehemu za juu za jengo, ambako mwale huugusa ukuta kwa mshazari, nafasi hiyo hupanuka zaidi.

Tena mwale wenyewe una unene. Unapogonga ukingo wa fremu, sehemu yake hurudi kutoka kwenye ukingo na sehemu nyingine hurudi kutoka kwenye kitu kilicho nyuma, na skana nyingi huandika umbali ulio kati ya viwili hivyo. Ndiyo maana pembeni mwa fremu na nguzo huonekana mkia wa nukta zinazoelea hewani, mahali ambapo ukipeleka mkono hugusi kitu. Vioo navyo hupitisha mwale au huuakisi, hata wingu likaonyesha chumba cha uongo nyuma ya ukuta ambao haujawahi kuwa na chumba. Mambo haya hayalifanyi wingu lisifae. Ninachosema ni kwamba kati ya nukta na mstari kuna uamuzi, na uamuzi huo hufanywa na aliyekaa mbele ya kompyuta.

Mchoraji makini hatafuti kona ya dirisha kwa kubofya nukta moja iliyo karibu na mahali anapoona kona. Hukata ubale mwembamba wa wingu, wa unene wa sentimita mbili au tatu hivi, ulalao usawa wa katikati ya dirisha, akautazama kutoka juu. Hapo uso wa ukuta huonekana kama msururu wa nukta, na ubavu wa ndani wa tundu la dirisha kama msururu mwingine unaoingia ndani. Huvuta mstari mmoja katikati ya msururu wa kwanza na mwingine katikati ya msururu wa pili, akairefusha mpaka ikutane. Mahali inapokutana ndipo kona ilipo, hata kama hakuna nukta iliyowahi kuangukia hapo. Kazi hiyo hurudiwa juu, katikati na chini ya dirisha hilohilo, kwa sababu mabavu mawili ya dirisha la zamani ni nadra kuwa sambamba. Kwa vizingiti na linta hukatwa ubale wa wima. Ni kazi ya kuchosha, na kwa jengo lenye madirisha thelathini inachukua siku kadhaa, lakini ndiyo inayotofautisha kupima na kukisia.

Sasa naomba nikae kidogo juu ya hatua moja ambayo wengi huipita haraka, nayo hufanyika kabla ya kuvuta mstari wa kwanza. Mchoraji lazima aiambie programu ni wapi mbele ya jengo. Katika AutoCAD, programu ya kompyuta ya kuchorea, na katika programu nyingine za jamii yake, hufanya hivyo kwa kuuweka mfumo mpya wa majira juu ya ukuta, na njia iliyo rahisi kuliko zote ni kubofya nukta tatu: ya kwanza kuwa chimbuko, mahali vipimo vinapoanza kuhesabiwa, ya pili kuonyesha mlalo, ya tatu kuonyesha juu. Wengi huibofya nukta ya pili juu ya kizingiti kirefu au juu ya ukingo wa msingi, kwa sababu kwa macho mstari huo unaonekana umelala sawasawa. Lakini kama kizingiti hicho kimeshuka kwa milimita 40 katika urefu wa mita 16, mteremko huo sasa umekuwa mlalo wa mchoro mzima. Jengo lote limezungushwa kidogo ili kizingiti kionekane kimenyooka, na kilele cha ukuta wa mita 9 kimehamishwa kando kwa zaidi ya milimita 22. Mabavu ya milango, ambayo mwashi aliyasimamisha kwa timazi na bado yamesimama wima, yanaonekana yameinama. Mchoraji akiyaona hivyo hudhani ni kasoro ya wingu, akayanyoosha, na kosa la pili likalifunika la kwanza.

Nukta ya tatu ina hatari yake vilevile. Ukiichukua juu ya ukuta wenyewe, karibu na paa, basi juu ya mchoro wako ni mwelekeo wa ukuta, si mwelekeo wa timazi. Ukuta uliotoka nje kwa milimita 80 utahesabiwa kuwa umesimama wima, na yeyote atakayechora mkato wa jengo, yaani jengo kama limepasuliwa wima, kutoka katika mfumo huohuo hatauona ule mwinamo ambao pengine ndio sababu ya jengo kupimwa. Skana nyingi za kazi hii zina kihisi kinachojua usawa wa kweli, na taarifa hiyo huwa imo ndani ya wingu tangu mwanzo. Tunaitupa wenyewe kwa mbofyo mmoja. Mimi hukata ubale wa mlalo kwenye kimo cha kifua, nikautazama kutoka juu, nikavuta mstari wa wastani wa uso wa ukuta kutoka kona hadi kona. Mstari huo unazaliwa ukiwa kwenye usawa. Kisha naugeuza mfumo wa majira nyuzi 90 kuuzunguka mstari huo, ili juu ya mchoro iwe juu ya timazi, na hapo ndipo ninapoweka mwonekano uwe sambamba, usiwe ule wa jicho la mtu aliyesimama mtaani, ambao hufupisha vilivyo mbali.

Upo mtego mwingine unaofanana na huu. Kishale kinaponasa nukta ya wingu, kinachukua majira yake yote matatu, pamoja na kina. Mstari unaoanzia kwenye uso wa ukuta na kuishia kwenye fremu iliyo ndani zaidi kwa sentimita 40 utaonekana sahihi kabisa ukitazamwa kutoka mbele, lakini ukiuuliza urefu wake utakupa mita 3.027 mahali ambapo upana ni mita 3.000. AutoCAD ina mpangilio uitwao OSNAPZ, ambao ukiwekwa kwenye 1 huiangusha kila nukta iliyonaswa juu ya bapa la mchoro, na tatizo linakwisha. Nimepokea faili nyingi za wenzangu ambazo mistari yake ukiizungusha inatawanyika mbele na nyuma kama vijiti vilivyomwagwa.

Kuhusu kuunganisha skani, yaani mawingu yaliyopigwa kutoka vituo mbalimbali, nitasema machache, kwa kuwa ni kazi ya mpimaji zaidi kuliko ya mchoraji. Jengo moja huhitaji vituo vingi, na kila kituo huunganishwa na jirani yake kwa matufe au shabaha za karatasi zinazowekwa kuwa alama, au kwa kufananisha nyuso zinazoonekana katika skani zote mbili. Kosa dogo la kila kiungo hujikusanya unapolizunguka jengo, na ripoti ya programu inayosema kwamba wastani wa kosa ni milimita 2 haisemi lolote kuhusu kosa lililokusanyika kutoka kona ya kwanza hadi ya mwisho. Mchoraji anaweza kuliona mwenyewe akikata ubale kwenye ukuta uliopimwa kutoka vituo viwili: kama uso mmoja unaonekana kama nyuso mbili zilizoachana kwa sentimita moja na nusu, asichore katikati akaendelea. Alirudishe wingu kwa mpimaji.

Ninayaandika haya kwa sababu niliwahi kukosea mwenyewe, na gharama yake haikuwa yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa wingu la ukumbi wa matofali wenye madirisha kumi na manne upande wa mbele. Nilipima dirisha moja kwa uangalifu wote niliokwisha kuueleza, nikalinakili mara kumi na tatu, nikayapanga kwa nafasi zilizo sawa, kwa sababu kwa mtazamo wa jumla wingu lilionekana kukubali. Karakana iliyopewa kazi ya fremu ilitengeneza kwa vipimo vya mchoro wangu. Fremu ya tano kutoka kushoto haikuingia. Tundu lile lilikuwa jembamba zaidi juu kuliko chini kwa milimita 22, kwa kuwa ukuta ulikuwa umeshuka upande mmoja zamani sana na matofali yakahama pamoja nao. Kabla sijapigiwa simu, mafundi walikuwa wamekwisha kuchonga ukingo wa matofali ili fremu ipite. Yalikuwa matofali ya awali ya jengo, yenye ukingo wa mviringo uliofinyangwa kwa mkono, na jengo zima lilihifadhiwa kwa ajili ya vitu kama hivyo. Usiku ule niliifungua faili, nikaliwasha wingu. Nukta zilikuwa zikiuonyesha upogo ule waziwazi, kutoka linta hadi kizingiti. Zilikuwepo siku zote nilizokuwa nikichora, chini kabisa ya mistari yangu, nami nilikuwa nimezizima ili kompyuta isiwe nzito.

Tangu siku hiyo sinakili dirisha bila kulipitisha juu ya nukta zake lenyewe, na simalizi mchoro wingu likiwa limezimwa.

Baadhi ya wenzangu husema kwamba kuchora kila upogo ni kupoteza muda na kwamba mchoro ukijaa mistari iliyoinama hausomeki. Hoja yao ina ukweli ndani yake, na kipimo cha ukweli huo ni skeli. Mstari wa robo milimita kwenye karatasi ya skeli ya 1:50 unafunika milimita 12.5 za ukuta halisi. Kwenye 1:100 unafunika milimita 25. Kwenye 1:20 unafunika milimita 5. Kwa hiyo kwenye 1:50 hakuna anayeweza kudai niuonyeshe mpindo wa milimita 4, maana umeshamezwa na wino. Lakini mpindo wa milimita 30 ni zaidi ya unene wa mistari miwili, unaonekana kwa macho, na kuuondoa ni kuandika habari isiyo ya kweli. Isitoshe, faili ya kompyuta haina skeli ya karatasi. Fundi wa fremu haweki rula juu ya karatasi siku hizi. Hubofya mstari na kuusoma urefu wake hadi milimita, akaamini. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kitufe cha ORTHO, kinacholazimisha kila mstari uwe wa wima au wa mlalo kamili, kizimwe tangu mwanzo hadi mwisho wa mchoro wa jengo lililopo. Kitufe hicho kina nafasi yake katika kubuni jengo jipya. Jengo lililosimama kwa miaka mia moja limekwisha kuamua lenyewe limeinamia wapi.

Tamaa ya kupima jengo bila kulipanda si ngeni. Mwaka 1858 kijana Mjerumani aitwaye Albrecht Meydenbauer alikuwa akipima kanisa kuu la Wetzlar kwa mkono na nusura aanguke kutoka juu; akaanza kuwaza jinsi picha zinavyoweza kupimwa badala ya ukuta wenyewe, na mwaka 1885 ikaanzishwa taasisi Berlin ya kupima majengo ya kumbukumbu kwa njia hiyo. Wazo lilikuwa kwamba jengo likiharibika, michoro sahihi iweze kutolewa baadaye kutoka kwenye picha zilizohifadhiwa. Jambo hilohilo limetokea katika zama zetu kwa leza. Mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon alilipima kanisa la Notre-Dame mjini Paris mwaka 2010 kutoka vituo zaidi ya 50, akapata nukta zaidi ya bilioni moja, na vipimo vyake vilionyesha kwamba baadhi ya nguzo za ndani upande wa magharibi hazijapangana sawasawa. Aprili 15, 2019 paa la kanisa hilo liliungua. Vipimo vile vikawa miongoni mwa kumbukumbu muhimu zilizotumika katika kulirejesha hadi lilipofunguliwa tena Desemba 2024. Fikirini kama kilichobaki kingekuwa mchoro tu, na mchoraji wake angekuwa mtu wa kunyoosha nguzo.

Yapo pia mambo ambayo wingu halikuyaona, na hapa naona uaminifu unapotea kuliko mahali pengine popote. Skana iliyosimama chini haiwezi kuona sehemu ya juu ya kizingiti cha dirisha la ghorofani, wala ukuta ulio nyuma ya bomba la maji ya mvua, wala kilichofichwa na matawi ya mti. Katika wingu mahali hapo pana kivuli, shimo jeusi lisilo na nukta. Katika michoro mingi ninayoipitia shimo hilo limezibwa kwa mstari wa unene uleule na rangi ileile ya mistari iliyopimwa, na hakuna msomaji anayeweza kujua kwamba kipande kile kimebuniwa. Mistari ya namna hiyo iwekwe kwenye tabaka lake lenyewe na ichorwe kwa vipande vipande, na kwenye kona ya karatasi iandikwe kwamba ni ya kukisia. Haichukui hata nusu saa.

Kwa wasomaji wenu ambao siku moja wataagiza mchoro wa aina hii, iwe ni kwa nyumba ya urithi, shule au jengo la ibada, ninawaomba wasipokee mchoro peke yake. Wadai pia wingu lenyewe katika faili ya E57, ambayo ni mfumo uliowekwa na ASTM, shirika la viwango, mwaka 2011 na unaofunguka katika programu za watengenezaji wengi, ili wasifungwe kwa kampuni moja. Wadai maandishi yanayotaja mlalo na wima vilichukuliwa wapi, na ni kiasi gani cha kupinda kilichohesabiwa kuwa kidogo mno kuchorwa. Kisha wachague madirisha mawili, waende na futi na pima maji, wapime pande zote nne na kona kwa kona, walinganishe na faili.

Na kwako, Mhariri, ninaomba jambo moja la ziada. Mwombe mwandishi wa makala ile arudi kwa waliompa picha zile mbili, awaombe waliweke wingu juu ya mchoro kwenye skrini moja, wasogee hadi kwenye dirisha la mwisho la juu upande wa kulia, na wamwonyeshe kizingiti chake kiko wapi. Mkiichapisha picha hiyo, wasomaji wenu watajionea wenyewe nafasi iliyopo kati ya nukta na mstari.

Msomaji wako,
Mchoraji wa majengo